Washa Nini?

Gari la Mwalimu lilikuwa limeanza kumwita mwizi. Si kwa mafumbo. Kwa sauti, mbele za watu, kila anapotaka kutoka. Akiingiza ufunguo mlangoni na kuuzungusha, king'ora kinapasuka, taa zinapepesa mbele na nyuma, mbwa wa mtaa mzima wanaitikia, na mwenye gari, mama mstaafu aliyefundisha Kiswahili mpaka chaki ikamwingia kwenye mistari ya viganja, anakirukia kiti cha dereva kama kibaka ili azungushe swichi na kulinyamazisha.

Kosa lilikuwa lake, na hakulificha. Aliisahau rimoti kwenye mfuko wa gauni, gauni likaingia mashine ya kufulia pamoja na mashuka, na rimoti ikatoka safi, inanukia sabuni, imekufa fofofo. Ufunguo wa chuma ulibaki. Ulifungua mlango, kweli, lakini gari lile lilizoea rimoti, na asiyekuja na rimoti lilimhesabu mwizi tu, hata kama ndiye aliyelinunua kwa jasho lake na kuliosha kwa mikono yake.

Aibu hiyo angeivumilia. Yaliyomshinda ni maneno. Majirani hawakukawia kumfikishia habari mwanawe wa kwanza, ambaye nyumbani walimbandika jina la Mkurugenzi kwa sababu tangu hajang'oa meno ya utoto alikuwa akipanga nani akae wapi mezani. Mkurugenzi alipopiga simu hakuuliza. Alitangaza.

"Mama, umefika wakati wa kupumzika. Jumamosi nakuja na dereva, tunalichukua gari likae kwangu. Ukitaka kwenda mahali, unapiga simu, unaletewa dereva."

"Nikitaka kwenda kwa dada yangu?"

"Unapiga simu."

"Nikitaka nyanya?"

"Mama jamani! Si unapiga simu."

Mwalimu aliiweka simu chini taratibu, maana angeiweka kwa haraka angeivunja. Dada yake mkubwa miguu ilimgomea, na yeye ndiye aliyempeleka kwenye mazoezi kila wiki, wakienda wakicheka watu na kurudi wakicheka watu, na wakati wa kurudi walizunguka njia ndefu makusudi ili mazungumzo yasikatike. Sasa ampigie simu mtoto aliyemfundisha kushika kijiko, amwombe ruhusa ya nyanya! Kuendeshwa ndani ya gari lako mwenyewe kwa ratiba ya mtu mwingine si mapumziko. Ni kifungo chenye kiyoyozi.

"Mzee," alimwambia mumewe, "gari haliondoki hapa."

Mumewe alikuwa mpiga picha enzi zake. Siku hizi kazi yake kubwa ilikuwa kuchambua maharage na kumchokoza mkewe. Hakuinua kichwa kutoka kwenye ungo. "Haliondoki, lakini likikuona linapiga yowe. Mimi nakuona kila siku, mbona sijapiga?"

"Wewe king'ora chako kilikufa zamani."

Mwalimu akaenda duka la spea akanunua rimoti mpya. Muuzaji akamwambia rimoti peke yake haifai kitu mpaka itambulishwe kwa gari, na fundi wa kuitambulisha amesafiri, hajui atarudi lini. Jumamosi ilikuwa haimngoji fundi. Basi akampigia binti yake, kitinda mimba, aliyekuwa anaishi mbali lakini hakuna kitu duniani ambacho hakukitafutia video. Binti akaitazama video, na Jumamosi asubuhi akampigia mama yake.

"Rahisi, mama. Ingia, funga milango yote. Washa, zima, washa, zima, hivyo hivyo mara tano, haraka haraka. Ya mwisho usizime. Gari likikuelewa, milango itajifunga na kujifungua yenyewe. Hapo hapo bonyeza kitufe cha rimoti. Basi, wameshajuana."

Mwalimu akaketi kwenye usukani. Mzee akaketi kando yake, na ungo wake mapajani, maana hakutaka kusimuliwa. Mwalimu akawasha. Injini ikanguruma. Akazima. Akawasha, ikanguruma, akazima, akawasha, mpaka moshi ukaanza kutambaa juu ya maua na jirani akachomoza kichwa juu ya ua.

"Mwalimu, gari linaumwa?"

"Linapiga chafya!" Mzee akamjibu.

Milango ilikaa kimya. Mwalimu akarudia toka mwanzo. Kimya. Akarudia tena, na safari hii injini ikawaka kwa kujivuta, betri ikilalamika kama mtu anayeamshwa kabla ya wakati.

"Mwalimu," Mzee alisema, na safari hii hakutania, "rimoti umeshaiua. Usije ukaliua na gari."

Akaacha. Akaegemea usukani. Labda Mkurugenzi alisema kweli. Labda ndivyo inavyoanza: unasahau kitu mfukoni, halafu vitu vidogo vinaacha kukutii, mwishowe watu wanaanza kukupangia nyanya. Alisikia uchungu, uchungu wa kweli, na Mkurugenzi alikuwa tayari njiani.

Akayarudia maneno ya bintiye mdomoni, polepole. Washa, zima. Washa, zima.

Halafu akainua kichwa.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa akiizungushia wino mwekundu sentensi ya namna hiyo. Mtoto akiandika "Mama alileta, baba akapokea, tukafurahi," yeye humwekea pembeni neno moja: nini? Hakuna aliyepita mikononi mwake asichomwe na hiyo "nini". Nyuma ya mgongo wake walimwita Mwalimu Nini, na alijua, na alijivunia. Leo mtoto wake wa kumzaa kamletea kitenzi uchi wa mnyama, naye kakipokea bila hata kukivisha leso!

Akapiga simu. "Washa nini?"

"Shikamoo tena, mama. Unasemaje?"

"Marahaba. Umeniambia niwashe. Washa nini? Watu huwasha moto, huwasha taa, huwasha injini. Hata upupu huwasha!"

Upande wa pili kikaja kicheko cha kumwaga chai. "Mama! Umewasha injini? Taa, mama! Taa za dashibodi tu. Unazungusha ufunguo mpaka taa ziwake, injini unaiacha ilale."

"Sasa hiyo ndiyo sentensi," alisema Mwalimu.

Akazungusha ufunguo nusu safari. Taa ndogo nyekundu na za manjano zikawaka, injini kimya. Akarudisha. Akazungusha, akarudisha, vidole vyepesi, kama anayefungua na kufunga bomba la maji. Ya mwisho akaiacha. Wakangoja. Hakuna kitu.

"Mzee. Milango yote."

Mzee akatazama upande wake. Alikuwa ameuacha mlango wazi kidogo kwa ajili ya hewa, mguu mmoja uko nje. Akauingiza mguu, akafunga, akayaomba radhi maharage aliyoyatikisa.

Mwalimu akaanza upya. Alipoziacha taa zikiwaka mara ya mwisho, milango yote minne ikajibu kwa pamoja: klak, ikajifunga, klak, ikajifungua. Hakuna aliyeigusa. Mwalimu akabonyeza kitufe cha rimoti mpya, na gari likaitika tena, klak-klak, na Mwalimu akapiga ukelele ambao jirani alidhani ni king'ora.

Akashuka. Akafunga gari akiwa barazani. Akalifungua akiwa jikoni, dirishani. Akalifunga kutoka nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Alijisikia mrefu. Alijisikia kama siku ile ya kwanza alipoandika jina lake ubaoni na darasa zima likasimama.

"Inatosha," Mzee alisema, "utalitia wazimu." Lakini alikuwa anamtazama kama zamani, alipokuwa akimwangalia kupitia kamera na kusahau kupiga picha.

Mkurugenzi alifika na dereva wake nyuma, shati limenyooshwa. Alimkuta mama yake barazani anachambua maharage, kazi ambayo hakuwahi kumwona akiifanya. Hilo lingetosha kumwonya.

"Shikamoo, mama. Ufunguo uko wapi?"

"Marahaba, baba. Huo hapo mezani."

Akauchukua ule wa chuma. Akalifuata gari kwa hatua za mwenye mali, akaingiza, akazungusha, akavuta mlango.

King'ora kikapasuka. Taa zikapepesa. Mkurugenzi akaruka nyuma akamkanyaga dereva. Mbwa wakaitikia, na kutoka ng'ambo ya ua jirani akapaza sauti: "Mwiziii!"

"Mama! Kinazimwaje hiki?"

Mwalimu akachambua maharage mengine mawili matatu, kwa utulivu. Halafu akatoa rimoti mfukoni mwa gauni, akabonyeza, na dunia ikanyamaza.

"Nani amekutengenezea?" Mkurugenzi aliuliza, pumzi zikimtoka.

"Mimi."

"Yeye," Mzee alisema. "Mimi nilifunga mlango."

Mkurugenzi akautazama ufunguo, akamtazama mama yake, na kicheko kikampanda taratibu mpaka akainama akishika magoti. Alipoinuka alimgeukia dereva, akasema kwa sauti ya mtu anayeonyesha nyumba yake mpya, "Unamwona huyu? Huyu ndiye mama yangu."

Akaurudisha ufunguo kwa mikono miwili. "Basi nipe hiyo rimoti nikufungulie, twende kwa mama mkubwa."

Mwalimu akasimama, akakung'uta maganda kwenye gauni.

"Wewe ni kifungua mimba wangu," alisema. "Kufungua kwako kulikuwa huko, na nakushukuru. Gari nafungua mwenyewe."

Akabonyeza. Milango ikaitika.

"Kaa nyuma, na ufunge mkanda."