Maoni ya Fundi wa Kabeza

Mistari minne. Mistari minne tu niliyoandika kwenye simu nikiwa nimekaa kwenye cherehani, na nusura imkoseshe mwanangu mume. Halafu kuna watu wanasema maoni si kitu!

Naitwa Lillian. Nashona sare za shule hapa Kabeza, Kigali, na mikono yangu inajua kazi hata nisipokuwepo, ndiyo maana masikio nimeyapa vitabu. Kuna app ya vitabu vya kusikiliza kwa Kiswahili, nami nimekulia Karagwe, Tanzania, nimesoma huko, kwa hiyo Kiswahili ndicho kinachonikuna. Nasikiliza aina mbili: upelelezi na historia ya Marekani. Vya mapenzi usiniletee. Mapenzi niliyamaliza na marehemu mume wangu, yalinitosha.

Upelelezi mzuri ni ule ambao muuaji yuko hapo hapo tangu sura ya pili, anakunywa chai na wenzake, na wewe unamhurumia. Mbaya ni ule unaomleta mjomba kutoka mbali dakika za mwisho eti ndiye aliyeua. Huo ni wizi! Na wapelelezi wote wameachwa na wake zao. Wote, jamani, hakuna hata mmoja anayerudi nyumbani akakuta chakula mezani? Historia ya Marekani naipenda kwa sababu nyingine. Ya huku kwetu nikiisikia, kila kilima kikitajwa nashtuka, natafuta jina la mtu wetu. Ya Marekani haina shangazi yangu ndani. Wanagombana kwa kodi ya chai, wanajenga reli, wanauana, na mimi naendelea na kola zangu.

Kila nikimaliza kitabu naandika maoni. Huko najiita Fundi wa Kabeza, na nina watu wanaonifuata, usicheke.

Basi mwaka juzi kikaja kitabu cha ile vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Msomaji wake, lo! Alisoma kama mwalimu anayetangaza majina ya waliofeli. Mizinga inalia, vijana wanakufa shambani, yeye sauti haipandi wala haishuki. Jina lake sikulitazama, nani hutazama? Nikaandika: "Wamarekani wanapigana, msomaji amelala. Sura ya tano nami nikalala. Nilipoamka vita imekwisha, yeye bado. Ndugu msomaji, kauze mkaa." Watu mia tatu wakaweka alama ya kicheko. Wiki nzima nilitembea kifua mbele.

Mwaka huu mwanangu Ihirwe, wa pekee, akapata mchumba. Kenny, fundi umeme, kijana mpole mpaka unamshuku. Wazee wake wakaja nyumbani kubisha hodi rasmi, kabla ya siku yenyewe ya kumwomba binti. Aliyewaongoza ni baba yake mdogo, Zephaniah, aliyemlea Kenny tangu akiwa mdogo. Mtu mrefu, suti ya zamani iliyopigwa pasi vizuri. Akafungua mdomo kunisalimu.

Sauti ile! Nilishinda nayo masikioni siku mbili. Nikajiambia, wee Lillian, tulia, sauti zinafanana. Nikamimina fanta, nusu ikaenda mezani. Na Ihirwe, ambaye kazi yake ni kumsifia mama yake, akasema, "Mama anasikiliza vitabu kuliko mtu yeyote Kigali."

"Kweli?" Zephaniah akatabasamu. "Mimi niliwahi kusoma kimoja, cha historia ya Marekani. Nilirekodi nyumbani, Kimisagara, chumba kimoja tu tulikuwa nacho. Mke wangu alikuwa mgonjwa amelala nyuma ya pazia, ikabidi nisome chini chini nisimwamshe." Akaweka glasi chini. "Basi kuna mtu akaniandikia nikauze mkaa. Watu walicheka sana. Wenye vitabu hawakunipigia simu tena. Tangu siku ile nikisimama mbele ya watu maneno yanakimbia, lazima niyaandike kwenye karatasi."

"Nani huyo asiye na adabu?" akauliza shemeji yangu Bayingana, kaka wa marehemu.

"Anajiita Fundi wa Kabeza. Mnaishi hapa, hamumjui?"

Ihirwe akageuka taratibu kunitazama. Jina langu la huko analijua, yeye ndiye aliyenifungulia ile app.

"Kabeza ina mafundi wengi," nikasema.

Jikoni Ihirwe akanishika mkono. "Mama, ni wewe."

"Ni mimi. Acha nikamwombe radhi sasa hivi."

"Thubutu! Ukimwambia atakufa kwa aibu, hatarudi. Na Kenny hataki msemaji wa kukodi, anasema aliyemlea ndiye atakayemwombea mke. Asiposimama yeye, hakuna siku. Baada ya harusi utamwambia." Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Mama, nakuomba. Mara moja tu katika maisha yako, nyamaza."

Nikanyamaza. Weeh! Hujui kazi ya kunyamaza mpaka upewe wiki mbili.

Nilikuwa nakaa, nasimama. Nawasha kitabu, mpelelezi hajafika hata kwenye maiti nimeshazima. Nawasha kingine, Wamarekani wanavuka mto, nazima. Kila sauti ya mwanamume niliyoisikia nikawaza yuko chumba gani, nani amelala nyuma ya pazia. Nilitoka nikatembea kwa miguu mpaka Remera bila haja yoyote, nikanunua zipu ambazo sikuzihitaji, nikarudi. Nilishona kola kumi na mbili kinyume.

"Mama Ihirwe," akasema Christella, Mrundi wangu wa cherehani ya pili, "hii shati iko na shingo inaangalia mgongo. Mtoto atavaa namna gani?"

"Ifumue."

"Nimefumua tatu tangu asubuhi. Sema kitu kinachokusumbua."

"Mdomo."

"Jino?"

"Mdomo wote, Christella."

Alicheka, mimi sikucheka. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi siku zote niliona huo ni msemo wa watu wasio na la kusema.

Siku ikafika. Bustani ya kukodi Remera, mahema mawili yanayotazamana, sisi huku, wao kule, na kinamama tumejifunga mishanana, zile nguo zetu za sherehe za kufunga begani. Kwetu kumwomba binti ni mchezo wa maneno. Msemaji wetu alikuwa Bayingana, ambaye ukimpa kipaza sauti inabidi umnyang'anye kwa nguvu. Kazi yake ni kukataa. Anajifanya hawajui wageni, anawabambikia kesi ya uongo, na msemaji wao anatakiwa ajibu kwa utamu, aombe msamaha wa kosa ambalo halikutendeka, mpaka wazee wacheke na binti atolewe. Mama wa binti kazi yake ni kukaa na kutabasamu. Hasemi. Ihirwe alikuwa ndani na mashangazi, amepambwa, anasubiri kuitwa.

Zephaniah akasimama na karatasi yake. Akasoma salamu. Akasoma ukoo. Sauti ile ile, haipandi haishuki, na watu wakaanza kunong'ona. Bayingana akapata raha. "Ninyi nawakumbuka!" akasema. "Ng'ombe wenu waliingia shambani kwetu kule Karagwe, wakala mahindi yote. Na leo mnataka binti? Jibuni kwanza."

Zephaniah akaitazama karatasi. Akaigeuza nyuma. Ng'ombe hawakuwemo. Nilimwona anatafuta, kidole kinashuka mstari kwa mstari, na kipaza sauti kikatuletea pumzi zake. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Si mngekodi mtu!" Watu wakacheka, na kile kicheko nilikijua, nilishakipokea mara mia tatu kwenye simu yangu.

"Kama hamna wa kujibu," Bayingana akasema, "rudini mkajipange." Alikuwa anatania, ndivyo inavyosemwa. Lakini ukitania na usijibiwe, utani unageuka kweli. Zephaniah akaanza kukunja karatasi. Akamwinamia Kenny, akatikisa kichwa, na Kenny akatazama chini. Mzee mmoja wa kwao akashika kofia yake. Wanaondoka, nikawaza. Mwanangu yuko ndani na maua kichwani, na wanaondoka.

Nikasimama.

Christella alinivuta mshanana, "Kaa chini we!" Nikaenda mpaka kwa Bayingana nikachukua kipaza sauti. Shemeji yangu alikiachia bila kukipigania, mara ya kwanza nimeona hilo.

"Shemeji," nikasema, "umewashtaki watu bure. Ng'ombe wao hawajala hata jani letu. Mkosaji yuko upande wetu." Nikanyoosha mkono kuelekea hema la wageni. "Mimi mama wa binti nilimsikia huyu bwana akisoma kitabu. Sikumpenda alivyosoma, na hilo silifuti, ndivyo masikio yangu yalivyosikia. Lakini sikuishia hapo. Nilimcheka mbele ya watu. Nilimwambia akauze mkaa. Fundi wa Kabeza ni mimi, na wiki mbili zilizopita, alipokuja nyumbani kwangu, nililikana jina hilo. Bwana Zephaniah, nimekukosea. Naomba unisamehe mbele ya watu, kama nilivyokuaibisha mbele ya watu."

Watu wakalipuka kwa vicheko na makofi! Walidhani ni mchezo, tumeupanga, mama wa binti amepewa sehemu yake. Hata Bayingana, aliyekisikia kisa cha mkaa nyumbani kwangu, alijipiga paja akidhani nimekigeuza utani. Pale nje hakuna aliyejua kwamba ni kweli, isipokuwa mimi, Kenny pengine, na mtu mrefu mwenye suti ya zamani, ambaye hakuwa akicheka.

Akakiinua kipaza sauti chake. Karatasi akaitia mfukoni.

"Mkaa niliuza," akasema. Watu wakacheka zaidi. "Miezi saba, Kimisagara. Mke wangu alifariki bado nauza." Hapo kicheko kikapungua, wengine hawakujua waendelee au waache. Nilitaka ardhi inimeze. Kisha ile sauti ikapanda, jamani, ikapanda mpaka waliokuwa wakipakua chakula wakasimamisha vijiko.

"Bwana Bayingana, umesikia kwa masikio yako. Ulitushtaki kwa ng'ombe ambao hukuwaona hata mkia. Sisi tuna mkosaji amesimama, ameungama mwenyewe, hakupigwa, hakubanwa. Sasa niambie wewe unayejua mila. Mwenye kosa anaombwa, au anatoa?"

Bayingana akatafuta pa kutokea. "Anatoa," akasema.

"Anatoa. Basi sikuja tena kuomba. Sitaki kreti ya bia, sitaki mbuzi wa faini. Mama huyu nimemsamehe, toka moyoni. Atoe alichonacho. Ana mtoto mmoja, nami nina mmoja. Sema, mama."

Hema zima likanigeukia. Kwa mila neno lile si langu, ni la msemaji, ni la wanaume. Lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu na Bayingana alikuwa ananipungia kidole, sema, sema, umetuponza mwenyewe. Na hapo ndipo nikaelewa nimesimama kufanya nini. Wiki mbili nimehangaika nisimharibie siku yake, nisimpoteze mkwe, na sikuwaza hata mara moja kwamba siku ikienda vizuri, jioni narudi Kabeza peke yangu.

"Nimemtoa," nikasema. Ilitoka ndogo. Watu wakapiga kelele hawajasikia. "Nimemtoa!"

Vigelegele. Ngoma. Ihirwe akatoka na mashangazi zake, mrembo, mpaka nikasahau kukasirika kwamba walimpaka rangi nyingi. Akapita mbele yangu, akainama kunikumbatia, akaninong'oneza sikioni, "Si nilikuomba unyamaze?"

"Uliniomba."

"Asante," akasema, akavuka hadi hema la kina Kenny, akaenda kukaa kwao.