Siku Fundi Mwishehe Alipong'oa AC ya Mwalimu

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Mwalimu Gaudens aliingiza Corolla yake ya mwaka tisini na saba kwenye gereji ya fundi Mwishehe, Kiwalani, akasema anataka AC itolewe yote, isibaki hata paipu. Ilikuwa imekufa miaka mitatu. Kompresa ilikwama, ikawa inakula mikanda, na kila akipanda vilima vya Goba gari lilikohoa mpaka wanafunzi wake wakalipita kwa miguu.

"Naitoa yote, mwalimu," alisema Mwishehe. "Nakufungia mkanda mfupi, injini inakuwa nyepesi. Joto utazoea."

Kazi ilienda vizuri. Mwishehe alifungua kompresa, akatoa kondensa mbele ya rejeta, akavuta paipu moja moja na kuzilaza juu ya gunia. Kisha akaingia ndani, akafungua dashibodi upande wa abiria, akakitoa kile kiboksi kinachopoza hewa. Baridi ilitoka nacho, ikajaa kwenye kiti cha mbele kama maji yanavyojaa karai. Mwishehe aliingiza mkono, akautoa, akaufuta kwenye ovaroli.

"Kuna mtu humu," alisema.

Gaudens aliinama kutazama. Dada yake Auleria alikuwa amekaa pale, kajikunyata ndani ya vitenge viwili, meno yakigongana. Walimzika Bukoba miaka mitatu iliyopita, na Gaudens ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Gau. Hatujafika tu?"

Mwishehe alifikiri kidogo, akasema yeye anashughulika na AC, mambo ya abiria ni ya mwenye gari. Akamsalimia Auleria, akamwagizia chai ya tangawizi kwa mama lishe, akarudi kufunga mkanda.

Gaudens aliijua baridi ile ni ya siku gani.

Auleria alikuwa amekuja Dar kutibiwa titi. Ndiye aliyemlea Gaudens baada ya mama yao kufariki. Aliacha shule darasa la sita ili yeye asome. Aliposhuka kwenye basi Mbezi Luis, mkononi ana kopo la senene wa kukaanga alilomletea mdogo wake, kidonda kilikuwa kimeshapasuka na kilikuwa na harufu. Gaudens alimkalisha mbele, akapandisha vioo, akawasha AC mpaka mwisho, akageuza matundu yote yampulize dada ili harufu isimfikie yeye.

"Gau, nasikia baridi. Fungua dirisha."

"Vioo vimeharibika, dada. Vumilia kidogo."

Vioo vilikuwa vizima. Walikaa kwenye foleni zaidi ya saa nzima, Auleria akitetemeka, Gaudens akitazama mbele. Nyumbani Goba makochi yalikuwa mapya. Alimpeleka dada yake gesti, akamwambia mkewe, Jesca, kwamba wifi yake kafikia kwa binamu. Baada ya wiki mbili Auleria alipanda basi kurudi Bukoba, na mwezi haukuisha akafariki.

Sasa, wakitoka Kiwalani, Gaudens alishusha vioo vyote vinne. Upepo wa moto uliingia ukapita, lakini baridi ya kiti cha mbele haikusogea.

"Kumbe vioo ulishatengeneza," alisema Auleria.

"Ndiyo, dada."

"Vizuri. Nisamehe ile harufu, Gau. Nilijisafisha kwa sabuni ya unga kwenye choo cha stendi, ila haikusaidia."

Uso wa Gaudens uliwaka mpaka masikioni. Alikuwa na maneno ya kusema tangu msibani. Alichosema ni, "Hakuna harufu, dada," akabadilisha gia.

Jesca aliwapokea getini. "Karibu ndani, wifi." Lakini Auleria alipotoa mguu nje ya gari, mguu haukuwepo, akaurudisha, ukawepo. Basi Jesca akamletea ndizi na blanketi mle mle.

"Wifi, mbona wakati ule hukufikia kwangu?"

Gaudens alikuwa amesimama pembeni na funguo mkononi.

"Nilikataa mwenyewe," alisema Auleria. "Sikutaka kukusumbua."

Jesca alimsikitikia wifi yake, akaingia ndani kumtafutia soksi.

Majirani walimzoea upesi. Waliopita walimwamkia, na wengine waliweka chupa za maji miguuni pake, wakazifuata baadaye zikiwa za baridi. Jumapili nzima Gaudens alilisafisha gari huku akijiapiza kwamba mtu wa kwanza kuuliza atajibiwa wazi: huyu ni dada yangu, ndiye aliyenisomesha.

Mtu wa kwanza kuuliza alikuwa Mzee Albano, mwenye shule, aliyeomba lifti Jumatatu mchana. Alikaa nyuma na suti yake, akashusha pumzi.

"AC yako bado kali, mwalimu. Na huyu mama ni nani?"

Gaudens alifungua mdomo. Kwenye kioo cha kati aliona tai ya Mzee Albano inayong'aa, kisha, kwenye kiti cha pembeni, doa dogo kwenye kitenge cha dada yake, upande wa kifua.

"Nimemkuta barabarani tu," alisema. "Nampa lifti."

Auleria alivuta kitenge cha juu akalifunika lile doa, akageuka nyuma kwa adabu.

"Ni kweli, baba. Kijana huyu ana moyo. Hata hanifahamu."

Asubuhi iliyofuata, mstarini, Mzee Albano aliisimulia shule nzima habari hiyo, akamwita Mwalimu Gaudens mbele kama mfano wa utu. Wanafunzi walipiga makofi kwa muda mrefu. Ndani ya gari lililoegeshwa hatua chache kutoka pale, Auleria naye alipiga makofi.