Alama Hamsini

Shida ilikuwa kuoga. Mengine yote Fundi aliyaweza. Alipika uji, alifua, alimwinua mama yake kitandani na kumkalisha kwenye kiti cha dirishani, alimkata kucha, na alijifunza hata kusuka zile nywele chache nyeupe, ingawa mistari ilikwenda kombo kama ya mlevi. Lakini mwanamume wa miaka hamsini na mbili hamvui nguo mama yake mzazi. Nani amewahi kuona? Hata ungemwekea kisu shingoni, mikono ingekataa.

Na mwingine wa kuifanya kazi hiyo hakuwepo. Fundi alizaliwa peke yake, na mkewe alikuwa amefungasha virago miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo mzigo wa kumwogesha bibi aliubeba jirani wa mlango wa pili, Mama Pacha, kila asubuhi kabla hajaenda kazini, bila kudai hata asante. Sasa mume wa Mama Pacha alikuwa amehamishwa kikazi, na mwisho wa mwezi walikuwa wanaondoka.

"Nenda ofisi ya ustawi wa jamii," Mama Pacha alimwambia Fundi. "Wazee wasio na kipato wanapewa mhudumu wa kuja nyumbani. Bure kabisa. Lakini uende mapema, maana wale watu wanapenda kukuzungusha."

Walimzungusha kweli. Ilitakiwa barua ya mwenye nyumba, akaleta. Ikatakiwa ya daktari, akaleta. Picha mbili alizopeleka zikaonekana kubwa, akaenda kupiga nyingine. Fundi alikuwa akirekebisha makochi kwenye kibanda chake nyuma ya soko, na kila safari ya ofisini ilimaanisha kochi la mtu limelala na matumbo nje. Hatimaye yule bwana wa dirishani akapiga muhuri na kumweleza utaratibu. Afisa atakuja nyumbani Alhamisi na kumwuliza mzee maswali. Kila asichokiweza mzee kina alama zake. Ukifika hamsini kati ya mia unapewa mhudumu, usipofika hupewi.

Hapo ndipo Fundi alipofanya kosa lake, na wala halikuwa kubwa. Alirudi nyumbani akamwambia mama yake, "Alhamisi kuna mtu anakuja kukupima kwa maswali."

Mama yake alikuwa amefundisha watoto wa chekechea miaka thelathini na tisa, kwenye shule ya mtu binafsi iliyofungwa bila kumwachia mafao wala kwaheri. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba kuna maswali yanakuja ni kama kumwonyesha ng'ombe majani. Jumanne alianza kujikumbusha tarehe. Jumatano Fundi alimkuta anafanya mazoezi ya kuinuka kwenye kiti, meno ameyauma, jasho linamtiririka.

"Mama, unafanya nini?"

"Najiandaa. Wewe hukuwahi kujiandaa, ndiyo maana ukaishia kushona makochi."

Fundi akamweleza tena kuhusu alama, kwamba safari hii anayeshindwa ndiye anayepata. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho kama anavyosikilizwa mtoto aliyeongopa, akamwambia alete lile gauni la bluu lenye kola.

Alhamisi afisa alikuja, binti mpole mwenye jalada kifuani. Alimkuta Mwalimu ameketi mezani, ameoga, amepaka poda, viatu miguuni. Alipomwuliza kama anaweza kuinuka mwenyewe, Mwalimu aliinuka. Mkono mmoja ulikuwa umeng'ang'ania meza chini ya kitambaa, lakini binti hakuuona. Unajiogesha? Kila siku. Nani anakupikia? Mimi mwenyewe, huyu hajui hata kuchemsha maji. Leo ni tarehe ngapi? Alitaja siku, tarehe, mwezi, na siku zilizobaki mwezi uishe. Afisa alimpa maneno matatu ayakumbuke, kijiko, mlango, kofia, na baada ya maswali mengine Mwalimu aliyarudisha yote, kisha akayarudisha tena kuanzia la mwisho. Alipomaliza alimwambia binti kwamba kalamu haishikwi vile, atachoka kidole.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Mara tatu alifungua mdomo, na mara tatu mama yake alimkata jicho lile lile la darasani. Akanyamaza. Mtu mzima mwenye mvi akanyamaza.

Afisa alipoondoka, Mwalimu alilala siku mbili bila kuweza kugeuka. "Nimepata ngapi?" ndilo neno alilouliza kila alipofumbua macho. Barua ilikuja wiki iliyofuata. Alikuwa amepata tisa kati ya mia.

"Tisa?" Mwalimu alisema. "Yule binti hajui kusahihisha."

Fundi alicheka, kisha akatoka nje kwa sababu kicheko kilikuwa kimeanza kugeuka kitu kingine. Barua ilisema anaweza kukata rufaa mara moja tu, ndani ya siku ishirini na moja. Alimbembeleza mama yake asubuhi na jioni. Mama Pacha naye, mizigo yake ikiwa imeshafungwa, alikuja kumwogesha mara ya mwisho na kumwambia, "Mwalimu, mficha uchi hazai. Sema shida zako."

"Miaka yote sijamfundisha mtu kufeli," Mwalimu alimjibu. "Nianze na mimi mwenyewe?"

Mama Pacha akaondoka. Kila asubuhi Fundi alimwekea mama yake beseni la maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa, akafunga mlango wa chumba na kusubiri nje. Mwalimu alijipangusa pale mkono ulipofika. Mkono haukufika mbali. Siku ya sita chumba kilikuwa kimeshaanza kusema chenyewe, na Mwalimu, ambaye zamani aliwarudisha watoto nyumbani kwa kola chafu tu, alianza kumwambia mwanawe asikae karibu naye.

Siku ya tisa Fundi alisikia kishindo bafuni. Alikuwa anakoroga uji, akidhani mama yake amelala. Kumbe Mwalimu alikuwa ameshika ukuta, hatua kwa hatua, mpaka bafuni, akajifungia kwa komeo ili aoge kama watu. Ndoo ilikuwa imebiringika na maji yanapita chini ya mlango.

"Mama!"

"Usiingie." Sauti ilitoka chini, sakafuni. "Sina nguo. Nimesema usiingie."

"Umeumia?"

"Ukivunja huo mlango sitakusamehe mpaka nakufa."

Alitoka mbio kutafuta mwanamke. Saa zile wapangaji wote walikuwa makazini. Aligonga milango, akapanda mpaka barabarani, akarudi kuuliza kama bado yupo, akaambiwa yupo, akatoka tena. Karibu saa nzima ilipita. Mwishowe alimkuta muuza mboga mwenye kapu kichwani, mtu asiyemjua wala kujua kwao, akamshika mkono na kumwambia, "Dada, mama yangu." Yule mwanamke aliweka kapu chini, akamfuata. Fundi aling'oa komeo kwa bisibisi akiwa amegeuza uso, muuza mboga akaingia, akamwogesha Mwalimu, akamvika, wakambeba wote wawili mpaka kitandani. Mfupa haukuvunjika. Muuza mboga alikataa kupokea chochote, akaondoka na kapu lake, na hawakumwona tena.

Mwalimu alitazama ukuta mpaka jioni. Kisha akasema, "Mwite tena yule binti. Unifundishe kufeli."

Walikaa na karatasi juu ya kitanda. Fundi alikuwa ameomba nakala ya maswali, nao wakapiga hesabu. Kama Mwalimu angesema kweli tupu, kuinuka, kuoga, kupika, choo, ngazi, angefika arobaini na nne. Zilibaki sita, nazo zingepatikana kwenye maswali ya kumbukumbu tu.

"Usahau tarehe tu, mama. Useme jana badala ya leo. Basi."

"Nitajaribu."

Afisa alikuja tena, binti yule yule. Safari hii alimkuta Mwalimu kitandani, bila poda, na shuka mpaka kidevuni. Aliyajibu yote. Kuoga siwezi. Kuinuka siwezi. Nikienda haja natakiwa kusaidiwa, na usiku mara nyingine sifiki. Hilo la mwisho Fundi hakulijua, maana mama yake alikuwa akificha shuka. Alitazama miguu yake.

Kisha ikaja tarehe, na Mwalimu akaitaja bila kukosea. Ilimtoka tu, mazoea yana taabu. Yakaja yale maneno matatu, safari hii sahani, ngazi na mwavuli, na macho ya mama yalikuwa yakihangaika kama ya mtu anayejaribu kumeza kidonge, lakini alipoulizwa aliyasema yote, moja baada ya jingine, karibu kwa kilio. Fundi alijua wamekwisha. Akaanza kufikiria atamtafuta nani, na atampata wapi, na mama yake ataoza kitandani yeye akiwa nje ya mlango na beseni.

Afisa aligeuza ukurasa. Lilibaki swali moja.

"Na huyu hapa, bibi. Huyu ni nani?"

Mwalimu alimtazama mwanawe. Alimtazama kwa muda, usoni, kwenye mvi, kwenye mikono yenye alama za sindano.

"Simjui," alisema. "Nadhani ni fundi, amekuja kutengeneza kiti."

Kutomtambua mtu wa nyumbani kulikuwa na alama kumi peke yake. Afisa alimwangalia bibi, akamwangalia Fundi, kalamu ikakaa hewani kitambo. Kama alijua, alijua mwenyewe. Aliandika.

Jioni ile Mwalimu alikataa kula. "Nimekukana, mwanangu," alisema. "Mbele ya mtu."

"Umepata hamsini na nne, mama."

"Nimekukana."

Fundi alimwambia hayo ni maneno ya karatasi tu, hayakumgusa. Alisema uongo. Yalimchoma, na yalimchoma zaidi kwa kuwa maswali mengine yote mama yake alikuwa ameshindwa kuyafeli, akaliweza hilo.

Mhudumu alianza wiki mbili baadaye, mwanamke mnene mwenye mikono imara na utani mwingi. Alikuja saa nane mchana na kuondoka saa kumi na mbili. Alimwogesha Mwalimu vizuri, akamtibu vidonda vya mgongoni, akamsuka mistari iliyonyooka. Nyumba ikanuka sabuni tena. Kazi yake ilikuwa na daftari, na kila siku aliandika humo, maana kila baada ya miezi mitatu ofisi ililisoma kuamua kama mzee bado anastahili. Kwa hiyo uongo haukuishia siku ile. Fundi alirudi kutoka kazini saa kumi na moja, na kwa saa moja nzima, mpaka mhudumu aage, hakuwa mtoto wa mtu.

"Bibi, mwanao huyo amerudi," mhudumu alisema kila siku, kama alivyofundishwa kuwakumbusha wazee.

"Mwanangu? Mbona mzee hivi? Mimi nina mtoto mkubwa namna hiyo?"

Mhudumu alicheka, Fundi akasalimia kama mgeni, akakaa kama mgeni. Mlango ulipofungwa nyuma ya mhudumu, mama yake alimwita kwa jina lake la utotoni na kumwuliza kama amekula, nao wakacheka wawili mpaka Mwalimu akashika mbavu. "Leo nimekufanyia kisirani kweli," alisema. "Umeona nilivyokuuliza kwenu wapi?" Fundi aliichukia ile saa moja, lakini aliisubiri ipite kama mtu anavyosubiri foleni, kwa sababu baada yake alikuwa na mama yake, msafi, na jioni yote.

Ilikwenda hivyo miezi saba. Halafu ikafika siku aliyokuwa na makochi sita ya mteja mwenye haraka, akachelewa, na aliporudi mhudumu alikuwa ameshaondoka. Taa ilikuwa inawaka. Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha dirishani, nguo safi, kichwa kimesukwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Pita ukae."

Fundi alicheka, akavua viatu. "Dada ameshakwenda, mama. Tuko wenyewe."

Mwalimu alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la adabu, lile alilowapa wazazi waliokuja kuuliza nafasi shuleni. "Kama umekuja kwa ajili ya kochi, mwenyewe hajarudi," alisema. "Fundi ni mwanangu. Leo amechelewa kidogo, ana kazi nyingi. Lakini yule hakosi kurudi. Kaa umsubiri."

Fundi alisubiri mama yake acheke. Alimtazama machoni, akatazama pembe za mdomo wake, pale ambapo kicheko kilianzia siku zote. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani wa kudanganywa. Mama yake alikuwa akimtazama kwa upole, bila kumjua.

Fundi akavuta kigoda, akakaa karibu naye. Nje watu walikuwa wanapita wakirudi makwao, na kila nyayo zilipokaribia Mwalimu aligeuza kichwa mlangoni.

"Usichoke, baba," alimwambia baada ya muda. "Anakuja sasa hivi."

"Sichoki, mama," Fundi akasema.