Kiti cha Mama Mkwe

Duka la Mama Pacha lilikuwa refu kama behewa la treni, na abiria wote walibanana mlangoni. Mbele kulikuwa na sukari, sabuni na viberiti. Mteja anafika, ananunua, huyoo, kaondoka. Kule nyuma, kwenye vikombe, sahani na mabeseni ya maua, hata mende alikuwa anaona upweke.

Sasa shemeji yake, ndugu wa mumewe na mwenye nyumba, akatoa neno.

"Shemeji, nusu ya nyuma imelala doro. Mwisho wa mwezi napiga ukuta, nampangisha fundi simu."

"Na vyombo vyangu nivibebe kichwani?"

"Hapo sasa utajua mwenyewe."

Mama Pacha alicheka, lakini akaanza kupiga hesabu. Sukari faida yake huliwa na sisimizi. Vyombo ndivyo vilivyowavalisha pacha viatu vya shule.

Tena mlangoni palikuwa na mama mkwe. Kiti chake kilitua pale tangu asubuhi, kikaziba nusu ya njia, na yeye akawa analinda mtaa kwa macho. Nani wa kumwambia asogee? Mkwe ni mkwe. Mama Pacha alipita ubavu ubavu kama kaa. "Samahani mama, napita. Samahani mama, narudi."

Siku moja mzigo wa mabeseni ukaletwa. Njia ya kupita hakuna, ukashushwa palepale kando ya kiti. Mama Pacha akaingia nyuma kupangusa sahani zake, na alipotoka, mabeseni hayapo.

"Mama! Tumeibiwa!"

"Nani aibe mbele yangu? Yamenunuliwa. Hela nimezikalia."

Mama Pacha akaweka chupa za chai palepale kando ya kiti, akaanza kuchungulia. Akaja dada mshonaji, sabuni tu anataka. Akainama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mumeo mzima? Na mguu wa mama yako? Na yule mdogo, kaacha kunyonya kidole?"

Salamu ikawa ndefu kama foleni ya maji. Mshonaji kainama, macho hayana pa kwenda isipokuwa kwenye chupa za chai zilizowekwa pale. Bibi akamalizia: "Halafu chupa yenu ya chai si ile inayovuja? Chukua hiyo nyekundu."

Akachukua!

Mama Pacha akajipiga paji la uso. Kumbe kiti ndicho kinachouza! Kikienda nyuma, na wateja watakwenda nyuma. Shida ni moja tu: kiti kina mwenyewe.

Akahamishia feni nyuma. Mama mkwe akasema feni inamkaza shingo. Akaweka mto mpya kwenye kiti kingine kule nyuma, laini kama maandazi. Mama mkwe akaubonyeza, akafurahi kweli. "Mwanangu, Mungu akuzidishie. Hebu niletee huku mlangoni."

Mama Pacha nusura alie.

Kesho yake akatoa kioo kikubwa kilichokosa mnunuzi, akakitundika karibu na mlango, akakiinamisha kidogo. Ukiwa mlangoni unaona dari tu. Ukiwa kule nyuma unaona mtaa mzima mpaka kona. Akaenda nyuma akasimama, akakitazama.

"Eh! Makubwa," akasema peke yake.

"Makubwa gani?" mama mkwe akauliza.

"Hakuna, mama. Ni fundi viatu tu, anatoka kwa jirani."

"Saa hizi? Na wewe uko huko ndani umemwonea wapi?"

"Kwenye kioo. Naona mtaa wote, wao hawanioni."

Hakuna aliyekisogeza kiti. Kilijisogeza chenyewe, na bibi wake, na mto wake.

Basi mambo yakageuka. Salamu ya mkubwa hairushwi kutoka mlangoni kama jiwe. Kila mteja akaingia mpaka ndani, akipita katikati ya sahani. Mama Pacha naye hakuwa mjinga, sukari akaihamishia nyuma ya kiti.

Mwisho wa mwezi shemeji akaja na fundi mwashi. Ikabidi wapenye katikati ya wateja.

"Shikamoo mama. Tumekuja kupima ukuta."

"Marahaba. Pimeni, mimi siondoki hapa. Fundi simu atakuwa ananipangusa vumbi." Wateja wakaangua kicheko. "Halafu wewe, juzi kwako nimepewa chai kwenye kikombe hakina mkono. Mkeo kaona aibu, mimi nimeungua kidole."

Mwashi akaangalia juu kama anayekagua dari.

Shemeji alitoka na vikombe kifuani. Mwashi nyuma yake na sahani, futi yake ya kupimia imerudi mfukoni.

"Ukuta tutaongea, shemeji," akasema kwa sauti ndogo.

"Ukuta gani?" Mama Pacha akamjibu.

Kutoka ndani kabisa, bila kugeuza shingo, mama mkwe akapaza sauti: "Na ufunge kamba ya kiatu, utavunja vikombe!"

Shemeji, ambaye alishafika barabarani, akatazama chini. Kweli, ilikuwa imefunguka.