Mfuko Usio na Tarehe

Nilifungua mfuko ule Jumatatu jioni, juu ya meza yangu ya kulia chakula, kwa mkasi wa kukatia nyuzi. Naanza na siku kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana nayo, na kwa sababu ni mimi peke yangu niliyeijua.

Ndani mlikuwa na chipu sitini na tano za kudhibiti umeme, kila moja ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, zimelala kwenye vijishimo vya utepe wa plastiki. Karakana yetu ilihitaji sitini. Tulikuwa tumepewa kazi ya kuunda bodi sitini za mashine zinazowapasha joto watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Kila bodi ilibeba vipuri vya aina mia moja na kumi na nne, na mnunuzi ni mimi. Aina mia moja na kumi na tatu zilikuwa rafuni tangu mwezi uliotangulia. Hiyo moja iliyobaki, msambazaji wa ng'ambo aliniambia nisubiri wiki ishirini na sita. Nikamuuliza kama hakuna namna. Akajibu kwamba wiki ishirini na sita ndiyo namna.

Nikaenda kwa mjomba. Mjomba ni mdogo wake mama, na kwa miaka thelathini amekaa katika kibanda cha futi sita kwa nne, ghorofa ya pili ya jengo la wauza vifaa vya umeme, kati ya muuza nyaya na fundi redio. Anauza chipu zilizobaki viwandani, zikiwa bado kwenye mifuko yake ya kung'aa iliyonyonywa hewa na kufungwa kwa joto. Ana desturi moja: hafungui mfuko. Mteja akitaka kuona, anaonyeshwa lebo. Akisisitiza, anaonyeshwa ngazi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunisalimu au kuna kitu unakitafuta?"

"Vyote viwili."

"Muongo. Leo Jumatatu. Mtu wa kazi hasalimii jamaa Jumatatu."

Nilimtajia namba ya chipu. Alipanda kistuli, akapekua boksi la tatu kutoka juu, akashuka na mfuko. Lebo ilikuwa sahihi. Alinipa huku bado ameushika, kama mtu anayempa mwenzake mtoto mchanga.

"Usiufungue mpaka bodi ziwe mezani," alisema. "Mfuko huu ni kama tumbo la mgonjwa. Daktari halipasui ili achungulie tu."

Nilijua anachosema. Plastiki inayoifunika chipu hunywa unyevu wa hewa, polepole, bila kuonekana. Chipu hizi zikitolewa mfukoni zina siku saba. Zikipita hapo kisha ukaziingiza kwenye oveni ya kuyeyushia risasi inayoziunganisha na bodi, maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke kwa ghafla na chipu inapasuka kama bisi. Ikipasuka waziwazi, ni heri. Mara nyingi inapata ufa wa ndani tu, inafaulu majaribio yote, inafanya kazi miezi mitano, kisha inazima.

Nilijua hayo, na bado jioni ile ile nikaufungua. Miaka miwili nyuma mjomba aliwahi kutuuzia chipu bandia, majina ya zamani yamekwanguliwa na mapya kupigwa juu. Yeye mwenyewe alikuwa ametapeliwa, na sikuwahi kuwa na shaka juu ya hilo. Lakini kutokuwa na shaka na mtu si sawa na kutokuwa na shaka na bidhaa yake. Nilisugua chipu nne kwa pamba yenye asetoni, nikazitazama kwa hadubini. Maandishi hayakutoka. Ya tano niliisaga kwa msasa hadi nikaona kiini chake. Zilikuwa halisi. Nikarudisha zote isipokuwa hiyo iliyosagwa, nikafunga mfuko kwa gundi ya karatasi, nikalala vizuri.

Kwenye ukuta wa karakana, juu ya rafu ya vipuri, kuna karatasi niliyoiandika mwenyewe kwa herufi kubwa: MFUKO UKIFUNGULIWA, ANDIKA SIKU NA SAA. MFUKO USIO NA TAREHE NI MFUKO USIOFAA. Mimi sikuandika. Bodi tupu tulizoagiza nje zilitakiwa kufika Jumatano. Siku mbili zilikuwa si kitu, na sikutaka shemeji aone tarehe, aulize kwa nini nimeufungua, kisha ajue kwamba hata mimi simwamini muuzaji niliyemleta mwenyewe.

Shemeji ni mume wa dada yangu, na ndiye msimamizi wa uunganishaji. Ananiita Bi Kanuni. Si jina la sifa.

Bodi tupu hazikufika Jumatano. Zilikwama forodha kwa sababu ya karatasi moja, kisha kwa sababu ya mtu wa kusaini karatasi hiyo, kisha kwa sababu ya wikendi. Nilipiga simu forodha mara nne Alhamisi na mara saba Ijumaa. Jumatatu iliyofuata nilikwenda mwenyewe, nikakaa kwenye benchi la chuma tangu asubuhi hadi dirisha lilipofungwa. Nilirudi karakana, nikahesabu vipuri ambavyo tayari vilikuwa vimehesabiwa. Nilipanga upya rafu ya vipinga umeme kwa ukubwa, kisha nikairudisha ilivyokuwa.

"Wewe vipi?" shemeji aliuliza. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Nangoja bodi."

"Sote tunangoja bodi. Wengine tunangoja tumekaa."

Siku ya saba iliisha jioni hiyo. Nyumbani nilitazama saa ya ukutani ilipotimia, halafu nikaenda kunawa mikono.

Mhandisi wa hospitali alikuwa akipiga simu kila asubuhi. Hoja yake ilikuwa moja na hakuibadilisha. Lori lenye makabati ya mashine lingepita kwetu Jumamosi saa nne asubuhi kuchukua bodi, kisha lingeelekea kwenye hospitali za mbali kabla mvua hazijakata barabara. Lori linalofuata ni baada ya miezi mitatu. "Bila bodi," alisema, "nitakuwa napeleka masanduku ya kuhifadhia shuka."

Bodi zilifika Alhamisi saa tisa alasiri. Ilikuwa siku ya kumi. Shemeji alizipokea kwa vigelegele alivyovipiga vibaya kwa makusudi, akawasha mashine ya kubandika vipuri, kisha akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama.

"Leta zile za mjomba wako."

Nikampa mfuko. Akaona gundi. Akaugeuza upande wa pili, akaurudisha.

"Huu umefunguliwa lini?"

Jibu lililokuwa mdomoni lilikuwa "jana". Ni neno fupi. Lisingepingwa na mtu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ushahidi. Bodi zingetoka kesho yake zikiwa safi, zingefaulu majaribio, zingepanda lori. Na kama baadhi zingezima baada ya miezi mitano, zingezima mbali, ndani ya kabati lililofungwa, na mtu angelaumu umeme wa huko.

"Jumatatu ya wiki iliyopita," nilisema. "Saa moja na nusu usiku. Nyumbani kwangu."

Alibandua gundi. Akaingiza vidole mfukoni, akatoa kadi ndogo ya kupimia unyevu ambayo kiwanda huiweka humo. Ina vidoti vitatu vya buluu, na unyevu ukiingia hugeuka waridi kimoja baada ya kingine. Viwili vilikuwa vimegeuka.

"Bi Kanuni," alisema.

"Najua."

"Hapana, nataka niisome karatasi yako kwa sauti." Akageukia ukuta. "Mfuko usio na tarehe..."

"Najua kilichoandikwa, shemeji. Niliandika mimi."

"Basi unajua pia tiba yake. Kuzikausha kwenye oveni saa ishirini na nne. Na unajua bawabu anakata umeme wa jengo zima saa kumi na mbili jioni. Saa ishirini na nne nitazitoa wapi? Nizishone?"

Hakupiga kelele. Angepiga ningejisikia vizuri zaidi.

Nilikwenda kwenye kabati la vitabu. Saa ishirini na nne ndiyo hesabu tuliyoitumia siku zote, na nilipoitafuta sikuona palipoandikwa kwamba ni ya kila chipu. Ilikuwa ya chipu nene tulizowahi kukausha zamani. Jedwali lilipanga saa kwa unene. Nilichukua kalipa, kile kipimo cha unene, nikapima chipu moja mara tatu. Milimita moja. Nikafuata mstari wake kwa kidole hadi mwisho.

"Saa tisa," nilisema.

"Sema tena."

"Kwa unene huu ni saa tisa. Njoo usome mwenyewe, usiniamini."

Alikuja akasoma, akapima na yeye. Tukafanya hesabu nyuma ya boksi tupu. Kuingiza Ijumaa saa moja asubuhi, umeme ukiwashwa. Kutoa saa kumi jioni. Lakini ule utepe wa plastiki ungeyeyuka kwenye joto la kukaushia, kwa hiyo chipu zingekaushwa zikiwa tupu kwenye sinia la chuma, na chipu iliyotoka kwenye utepe mashine ya kubandika haiwezi kuishika. Zingebandikwa kwa mkono, kwa kibano, sitini, ndani ya saa moja na nusu, ili zipite oveni ya risasi kabla bawabu hajakata umeme. Jumamosi kujaribu, dakika tatu kila bodi, kuanzia saa moja hadi saa nne kamili. Hesabu ilikaa sawa kwa namna ya kuudhi: haikubaki hata dakika ya kukohoa.

"Mikono ya watu wawili haitoshi," shemeji alisema. "Na dada yako kibano hakiwezi, anatetemeka."

Nikampigia mjomba. Nilimweleza kwa mpangilio: siku, saa, asetoni, msasa, gundi. Nilipomaliza, nilisikia mlio wa redio ya jirani yake.

"Nikuulize kitu, mwanangu. Ulikuwa unazipima chipu au unanipima mimi?"

"Vyote viwili."

"Jumatatu ulisema hivyo hivyo."

"Jumatatu nilidanganya. Leo sidanganyi."

"Nitakuja," alisema. "Ila nitakuja na lenzi yangu. Ya kwenu siiamini."

Ijumaa niliingiza sinia saa moja na dakika nne. Nikaandika muda kwenye karatasi, nikaibandika kwenye mlango wa oveni. Kisha zikafuata saa tisa ambazo sikuwa na la kufanya ndani yake. Nilikitazama kipimajoto kila dakika kumi, ingawa oveni ile haijawahi kupotoka hata nyuzi mbili. Nilishuka ngazi kumuuliza bawabu kama umeme una tatizo leo, akasema hauna. Niliposhuka mara ya tatu, alisema utakuwa nalo nikiendelea kuuliza. Mashine ilibandika vipuri vingine vyote na bodi zikajipanga mezani, kila moja na nafasi tupu katikati, kama kinywa kilichong'oka jino.

Mjomba alifika saa tisa na nusu. Alimsalimu shemeji, akakagua meza, akasogeza taa. Kwangu alisema tu, "Lete kiti kisichoyumba."

Saa kumi na dakika nne nilitoa sinia. Tulikaa watatu. Chipu ina alama ya nukta kwenye pembe moja, na nukta ile lazima iangalie nukta ya bodi. Ukikosea, bodi inaungua siku ya kwanza. Mjomba alikuwa akibandika mbili mimi nikibandika moja. Pumzi aliitoa baada ya kuachia kibano, si kabla.

"Yako hiyo imelala upande," aliniambia bila kuinua kichwa.

"Iko sawa."

"Itazame."

Niliitazama. Ilikuwa imelala upande.

"Huyu akiambiwa jua limechomoza, anatafuta kipimajoto," mjomba alimwambia shemeji.

"Ndiyo maana bodi zetu hazirudishwi," shemeji alijibu, na hilo sikulitarajia.

Bodi ya mwisho ilitoka kwenye oveni ya risasi saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili. Bawabu alikuwa amesimama mlangoni na funguo zake, akitikisa moja baada ya nyingine.

Jumamosi zilifaulu hamsini na tisa. Ya arobaini na tatu haikuwaka, na chanzo hakikuwa chipu. Kipinga umeme kimoja kilikuwa kimesimama wima mguu mmoja hewani. Kukirekebisha na kujaribu upya kungechukua dakika kumi na tano. Lori lilikuwa tayari linapiga honi. Mhandisi wa hospitali alizihesabu mwenyewe, akanitazama.

"Moja iko wapi?"

"Haikufaulu. Sitakupa."

"Kwa hiyo kabati moja linakwenda tupu."

"Ndiyo. Kwa miezi mitatu."

Alisaini karatasi ya kupokea bodi. Lori liliondoka saa nne na dakika sita. Mjomba alikuwa amesharudi kibandani kwake. Alichukua lenzi yake, na zile chipu nne zilizobaki akaziacha.

Niliporudi ndani niliukuta ule mfuko mtupu juu ya meza. Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika juu yake siku na saa: Jumatatu, saa moja na nusu usiku. Nikaubandika ukutani chini ya karatasi yangu.

"Unaandika tarehe kwenye mfuko mtupu?" shemeji aliuliza, akiwa amekaa mbele ya bodi ya arobaini na tatu, amewasha chuma cha kuunganishia.

"Ndiyo siku uliyofunguliwa," nilisema, nikavuta kiti kumshikia taa.