Jumamosi za Zuleha

Kazi yangu ni kutoliamini gunia. Mwaka wa kumi na nne sasa nakagua korosho katika ghala la chama chetu cha msingi cha ushirika kule Lionja, na chombo changu ni bambo, kile chuma chenye ncha ninachochoma nacho gunia ubavuni ili kinitolee korosho za katikati. Za juu sizitazami. Anayeleta mchanga na korosho za mwaka jana si mjinga wa kuziweka juu. Watu wananiona mkorofi, nami nawaona wao hivyohivyo, kwa hiyo tunaelewana.

Basi mke wangu Zuleha aliponiambia kwamba kila Jumamosi atakuwa anatembea mjini na wenzake, wakitafuta sehemu ambazo watu wamezisahau na kuzichora kwa penseli, nilicheka. Zuleha ni fundi cherehani. Amezaliwa hapahapa Nachingwea, ana miaka arobaini na mitatu, mtoto wetu Harithi yuko chuoni Mtwara. Mtu mzima gani atembee kuushangaa mji aliozaliwa? Nikamuuliza hao wenzake ni akina nani. Akanitajia Fatma wa duka la vitambaa, muuguzi mmoja anaitwa Doreen, na Mwalimu Benedikto, mstaafu aliyefiwa na mkewe, ambaye ndiye aliyeanzisha hicho kikundi. Jina la mwisho alilitaja kama anataja bei ya chumvi. Mimi nililishika hilohilo.

Na nilikuwa na sababu ya kuogopa. Nyumba tunayokaa iko kwenye kiwanja cha mama yake. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Zuleha akinichoka, mimi ndiye wa kufunga mzigo. Miaka ishirini na miwili ya ndoa nilikuwa sijaliwazia jambo hilo hata mara moja, na ghafla likawa ndilo ninaloamka nalo.

Jumamosi ya kwanza alirudi na udongo mwekundu kwenye ndala, ilhali njia yote ya sokoni ni kichanga. Ya pili alirudi anaimba. Sijawahi kumsikia Zuleha akiimba jikoni kama hakuna harusi ya jirani. Alininyooshea kidole chake chenye weusi wa penseli ili nione, akaanza kunieleza habari ya vivuli, kwamba kivuli nacho kina mahali pepesi na mahali pazito. Nikaona huu ni ushahidi uliotengenezwa. Begi lake nililipekua alipokuwa anaoga. Nilikuta futi ya kushonea, chupa ya chai, na mihogo ya kuchemsha mingi kuliko anayoweza kula mwanamke mmoja. Daftari la kuchorea halikuwemo. Nilipomuuliza kwa mbali, alisema madaftari yote anayatunza mwalimu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Jumamosi ya tatu nikamwambia nakwenda ghalani, mnada umekaribia, kazi ni nyingi. Uongo. Ghala siku hiyo lilikuwa na mlinzi na paka. Nilivaa kofia yangu ya kapelo yenye ukingo uliochanika, nikaishusha hadi kwenye nyusi, nikapeleka pikipiki kwa njia ya nyuma.

Walikwenda kwenye tuta la reli ya zamani, ile iliyong'olewa kabla sijazaliwa. Siku hizi kuna mbuzi na ufuta wa watu. Wakakaa juu ya karavati, kidaraja cha kupitishia maji, kila mmoja na ubao mapajani, wakachora saa nzima bila kusema neno. Nilijibanza nyuma ya mkorosho. Mwalimu Benedikto alipita kwa kila mtu, akafika kwa Zuleha, akainama juu ya bega lake. Nilihesabu. Aliinama kwa Fatma mara mbili na kwa Doreen mara mbili. Kwa mke wangu aliinama mara tatu.

Jumamosi iliyofuata walikwenda kwa mhunzi anayefua majembe kwa springi za magari, ndani ya banda la mabati lililoachwa na Waingereza wa mashamba ya karanga. Nimekaa mji huu maisha yangu yote na sikujua kama banda lile lina mtu ndani. Niliangalia kupitia tundu la bati. Ya baada ya hapo walikwenda kwenye mashimo ya matofali nyuma ya mji, ambako maji ya mvua yamejaa na mayungiyungi yameota. Hapo nakiri jambo moja. Mdiria alitua kwenye kijiti, buluu tupu, na kwa muda nilisahau nimekuja kufanya nini. Nilimtazama ndege. Nilipozinduka nikajikasirikia, nikarudisha macho kwa mwalimu, mbu wananila shingo.

Sikuona baya lolote, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Gunia likiwa safi juu ndipo ninapochoma chini. Nyumbani nilianza kumjibu kwa mkato. Yeye kila Jumamosi jioni aliniuliza ghalani kulikuwaje, nami namwambia kazi ni nyingi. Mara moja aliniuliza mbona nina mbegu za nyasi mgongoni. Nikamwambia ni za kwenye magunia. Alizichambua moja moja kutoka kwenye shati langu.

Halafu akaniambia michoro yao itatundikwa ukumbini Ruangwa, siku nzima, watu waje waone. Angependa na mimi niwepo. Alisema, "Baba Harithi, Jumamosi hii moja tu, acha ghala uje." Nilimjibu haiwezekani, kuna mzigo unatoka. Ukweli ni kwamba nilitaka nifike bila kutarajiwa. Niliona wazi kwamba ugenini, mbali na majirani, ndipo wawili wale watakapojisahau. Nilishapanga hata maneno nitakayomwambia yule mwalimu mbele za watu.

Nilifika Ruangwa mchana, vumbi hadi kwenye kope. Ukumbi ulikuwa na watu kama hamsini. Michoro ilining'inizwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kila mchoraji na kamba yake. Zuleha alikuwa kwenye kona pamoja na mwalimu, wamezungukwa na wanawake. Nilishusha kapelo, nikaingia taratibu kwa upande wa pili wa kamba yake, nikaanza kutafuta sura ya Benedikto kwenye karatasi. Mwanamke akipenda atachora anachokipenda.

Mchoro wa kwanza ulikuwa tuta la reli. Karavati, mbuzi, ufuta. Na nyuma ya mkorosho mtu amejibanza, amevaa kapelo yenye ukingo uliochanika.

Wa pili ulikuwa banda la mhunzi. Kwenye tundu la bati, jicho. Chini ya bati, viatu vyangu, na kamba ya kushoto haikufungwa.

Wa tatu, mashimo ya matofali. Maji, mayungiyungi, yule mdiria, na kwenye nyasi mwanamume anajipiga kofi shingoni. Alikuwa amemchora vizuri kuliko ndege. Alinichora hata uchovu wa mabega, ambao sikujua kama ninao.

Niliona haya, haya ya kuvuliwa nguo sokoni, na bado sijasogea. Ng'ambo ya kamba mama mmoja alikuwa anacheka, akamuuliza Zuleha, "Na huyu wa kapelo ni nani? Mbona yuko kila mahali?"

Zuleha aliinua macho. Aliniona juu ya kamba, hatua tatu tu. Hakushtuka.

"Mwanzo nilidhani ni mume wangu," alisema. "Lakini mume wangu Jumamosi huwa ghalani, ameniambia mwenyewe. Huyu simjui."

Wale wanawake walifuata macho yake. Kicheko kikakatika. Mwalimu Benedikto alitazama sakafu, na nikajua kwamba naye alijua, na kwamba wote wanne walikuwa wakichora wiki zote zile huku wananiona na kunistahi. Nilivua kapelo. Maneno niliyoyapanga njiani hayakuwa na kazi tena.

"Ni mimi, Mama Harithi. Nilikuwa nakutafutia kosa."

"Ulilipata?"

"Sikulipata."

Alinitazama usoni. Sikuona hasira, na ningeshukuru ningeiona.

"Basi nenda ghalani," alisema. "Jumamosi haijaisha."

Nilikwenda. Mlinzi aliniuliza kuna nini, nikamwambia nimekuja kazini, akanifungulia huku ananishangaa. Nilikaa juu ya magunia niliyoyakagua mwenyewe. Nilimkumbuka akizitoa zile mbegu za nyasi kwenye shati langu, moja moja, akinipa nafasi ya kusema. Adhana ya magharibi ilipolia niliwasha pikipiki kurudi nyumbani, na njia nzima sikujua kama nitafunguliwa mlango.