Jeneza la Xavery

Habari ya kifo cha Xavery ilifika Maretadu kwa simu, na aliyeibeba hadi kwa mama yake alikuwa Katekista Onesphory. Padri alikaa mbali, parokiani. Kigangoni hapakuwa na mwingine wa kutumwa. Alimkuta Natalia akipiga maharage uani. Kabla hajafungua kinywa, mama yule aliiangusha fimbo yake akasema, "Usiniambie, mwalimu. Rudi tu ulikotoka."

Xavery alikuwa mwanawe wa pekee, askari. Alikufa Kongo, kwenye kikosi cha kulinda amani, gari lao liliposhambuliwa likaungua. Onesphory ndiye aliyemfundisha ishara ya msalaba, ndiye aliyemwombea asubuhi alipoondoka kwenda jeshini. Alikaa na Natalia kutwa nzima, akaiokota ile fimbo akampigia maharage yake, maana mikono ilitaka kazi.

Jeneza lilipoletwa, limefunikwa bendera, kapteni aliyelisindikiza alivua kofia. "Shikamoo mama. Pole sana. Ila jeneza hili hatulifungui. Mkumbuke alivyokuwa."

"Nitamzikaje mtu sijamwona?" Natalia aliuliza. Hakuwa akilia. "Kama mimi nimekatazwa, basi aangalie katekista. Anamjua mwanangu."

Kapteni alisita, kisha akakubali. Waliingia kanisani wawili tu, mlango ukafungwa. Kifuniko kilipoinuliwa, Onesphory alitafuta uso, akatafuta chochote anachokijua. Hapakuwa na uso.

"Mlijuaje kuwa ni yeye?" alinong'ona.

"Kibati cha namba yake kilikuwa shingoni," kapteni alijibu. "Ndicho tulicho nacho."

Walitoka nje kwenye umati. Natalia alimkazia macho. "Ni yeye?"

"Ni yeye," Onesphory alisema. "Amelala tu, mama."

Aliyaona mabega ya yule mama yakishuka. Natalia alizika, aliimba, na jioni alikubali kula. Onesphory akajiambia kwamba Mungu atamwelewa.

Lakini uongo ule ulitaka kulishwa. Kila Jumapili baada ya ibada Natalia alimngoja mlangoni. Alikuwa amekonda? Hapana mama, alikuwa na afya. Ndevu je? Kidogo tu. Na macho, yalikuwa yamefumba vizuri? Yalikuwa yamefumba. Aliyapokea majibu hayo kama mgonjwa anavyopokea uji, na Onesphory akawa anarudi nyumbani hana hamu hata ya kusalimiana na mkewe.

Jumapili moja akamuuliza, "Na ile pete ya rozari niliyompa, alikuwa nayo kidoleni?"

"Alikuwa nayo. Tumemzika nayo."

Natalia alifungua pindo la kanga, akatoa pete. "Rafiki yake wa kambini kaniletea jana. Xavery aliiacha kwake isije ikapotea safarini." Sauti yake haikupanda. "Mwalimu, uliona nini mle ndani?"

Onesphory alipiga magoti kwenye vumbi, watu wakiona, akamwambia yote: moto, uso, kibati cha namba. Alitegemea kutukanwa. Angefurahi kutukanwa. Badala yake uso wa Natalia ulianza kung'aa, na mng'ao ule ndio uliomtisha.

"Kumbe siye," alisema. "Kumbe mwanangu yuko hai."

"Mama, ni yeye. Namba ni yake."

"Hata pete ulisema ilikuwa kidoleni."

Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumrudisha. Padri alikuja, akaongea naye mpaka sauti ikamkauka. Kapteni alipiga simu, akaapa. Natalia aliwasikiliza kwa adabu, akampa padri chai, halafu akajifunga kanga akaenda stendi ya Dongobesh kungoja mabasi. Mahindi yake yalikauka shambani. Onesphory na wanajumuiya waliyavuna, wakayaingiza ndani; hakuyagusa.

Siku ya kuwaombea marehemu, waumini walizunguka makaburini, Onesphory mbele na maji ya baraka. Alipofika kwenye msalaba wa Xavery, Natalia alimkingia njia.

"Hapo mmezika mtoto wa mtu mwingine. Mwombeeni kwa jina lake, msimwombee kwa jina la mwanangu."

"Jina lake silijui, mama."

"Basi nyamaza."

Akanyamaza. Walio nyuma yake wakanyamaza pia, na msafara ukalipita kaburi lile bila maji wala sala. Onesphory alisikia miguu yake ikitembea, akajiona amemzika kijana yule mara ya pili, na safari hii bila hata Baba Yetu.

Alasiri alimfuata Dongobesh. Alimkuta ameketi kwenye gogo mkabala na stendi, amechana nywele vizuri. Alikaa kando yake. Maneno yote ya faraja aliyokuwa nayo alishayatumia vibaya.

Basi la Arusha liliingia. Natalia alisimama, akanyoosha shingo, akawatazama abiria mmoja mmoja wakishuka, hadi kondakta akaufunga mlango.

"Labda linalofuata," alisema.

Onesphory alitaka kumwambia hapana. Akaitikia kwa kichwa, akasogea ili mama yule apate pa kukaa.